Maneno ya Takwimu na Mwanachuo wa Nyanda za Juu Kusini

Ni wachache mno wanachuo wa Mbeya na Iringa wanaomaliza masomo yao bila ya kukutana na somo la takwimu. Mwalimu mtarajiwa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, mhandisi mtarajiwa katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na mwenzao asomaye biashara au maendeleo ya jamii katika Chuo Kikuu cha Iringa au katika tawi la Chuo Kikuu cha Mzumbe lililoko Mbeya, wote hao aghalabu hufika siku moja mbele ya ubao ulioandikwa alama za Kiyunani, wakaambiwa kwamba bila ya alama hizo hawataweza kuandika tasinifu zao. Wengi huingia darasani na hofu. Wengi zaidi hutoka na kanuni walizozikariri, wasijue zilikuwa zajibu swali gani.

Sababu zinazotajwa ni nyingi: msingi dhaifu wa hesabu, uchache wa vitabu, madarasa makubwa. Hizo hatuzikatai. Walakini iko sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo yawahusu wanazuoni wa lugha kuliko wanahesabu. Mwanachuo huyu alijifunza kuhesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akahamishwa kwenye Kiingereza alipoingia sekondari. Afikapo chuoni husikia istilahi za Kiingereza, na kila aisikiapo huitafutia kimoyomoyo neno la Kiswahili lililo jirani nayo. Neno hilo halikuwa tupu. Lina maana zake za sokoni, za nyumbani na za msikitini au kanisani, na maana hizo huingia darasani pamoja nalo. Mara nyingine humsaidia, na mara nyingine humpoteza. Makala hii yakusudia kuyapitia maneno machache ya namna hiyo, kueleza fikra ya hesabu iliyomo katika kila moja, na kuonyesha mahali ambapo neno na fikra huachana njia.

1. Takwimu

Tuanze na jina la elimu yenyewe. Takwimu ni neno lililotoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya kalenda, yaani hesabu ya siku na miezi iliyopangwa ikasimama sawasawa. Asili yake ni ile ile iliyotupa kaimu, makamu, kiyama na kima. Maneno yote hayo yana ndani yake fikra ya kusimama, au ya kusimamisha, au ya kupatia kitu thamani yake. Kwa hiyo takwimu, kwa asili, ni kuzisimamisha namba mahali pake, na kuzirundika tu hakutoshi.

Maana hiyo ya asili yafaa kurudishwa darasani, maana kosa la kwanza la mwanafunzi ni kudhani kwamba namba ikiandikwa imekwisha kusema kweli. Mfano ulio karibu ni sensa. Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabia mkoa wa Mbeya watu 2,707,410. Sensa ya mwaka 2022 ikauhesabia watu 2,343,754. Mwenye kuzitazama namba hizi mbili peke yake atasema kwamba katika miaka kumi watu wa Mbeya wamepungua kwa 363,656, na pengine atatafuta maradhi au njaa ya kueleza upungufu huo. Lakini hapakuwa na upungufu. Mwaka 2016 sehemu ya magharibi ya mkoa ilikatwa ukafanywa mkoa mpya wa Songwe, ambao katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu 1,344,687. Tukiirudisha Songwe mahali pake pa zamani twapata watu 3,688,441, nalo ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja.

Iringa nayo ina kisa kama hicho. Mwaka 2002 mkoa huo ulikuwa na watu wanaokaribia milioni moja na nusu. Mwaka 2012 ukahesabiwa watu 941,238 tu, kwa sababu Njombe, yenye watu 702,097, ilikuwa imekwisha kuwa mkoa wake. Katika visa hivi viwili mhesabu hakukosea wala namba hazikudanganya. Kilichobadilika ni mpaka wa kitu kinachohesabiwa. Basi swali la kwanza la elimu hii, kabla ya kanuni yo yote, ni hili: namba hii ni ya nini, na mwisho wake ni wapi?

Swali hilo lina ndugu yake sokoni. Wakulima wa viazi wa Mbeya na Njombe walijua lumbesa tangu zamani: gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezwa juu yake kilemba cha viazi kilichoshonewa kwa kamba. Sheria ya vipimo imekataza ufungaji huo, lakini neno halijafa. Mwanachuo aendaye kijijini kuuliza, “Mwaka jana ulivuna magunia mangapi?” hupewa jibu, naye huliandika. Mmoja kasema kumi ya kawaida, mwingine kasema kumi ya lumbesa, na katika daftari zote mbili ni kumi. Hakuna kanuni ya chuo iwezayo kuliponya daftari hilo baadaye. Ingekuwa vyema mwanachuo huyu angepima kwa kilo, au walau angeuliza gunia lenyewe ni la namna gani.

2. Wastani

Neno la pili ni wastani, nalo ndilo lenye mtego mkubwa kuliko yote. Katika hesabu za shule wastani ni jumla iliyogawanywa kwa idadi. Lakini asili ya neno ni wasat ya Kiarabu, maana yake katikati. Na katika mazungumzo ya kila siku twasema mtu wa hali ya wastani, yaani si tajiri wala si maskini, bali ni kama walivyo wengi. Hivyo neno moja limebeba fikra tatu: ile ya kugawanya sawa, ile ya kusimama katikati, na ile ya kuwa kama wengi. Elimu ya takwimu yazitenga fikra hizi tatu, na kila moja ina kipimo chake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme katika kijiji kimoja cha Mufindi wako wakulima tisa, nao walivuna magunia ya mahindi kama ifuatavyo: 6, 7, 7, 8, 9, 10, 11, 12 na 65. Jumla yake ni 135; tukigawanya kwa tisa twapata 15. Huo ndio wastani wa shule. Sasa tuwapange kwa safu kuanzia mdogo hadi mkubwa, na tumtazame wa tano, ambaye ana wanne kushoto kwake na wanne kuliani: yeye alivuna 9. Hiyo ndiyo namba ya katikati. Mwisho tutazame namba inayojirudia kuliko nyingine: ni 7.

Ni ipi katika tatu hizo iliyo “hali ya wastani” ya kijiji? Ofisa akiandika katika taarifa yake kwamba wastani wa mavuno ni magunia 15, amesema kweli ya hesabu, lakini wakulima wanane kati ya tisa wako chini ya namba hiyo, na wa tisa yu mbali nayo kabisa. Hapana hata mmoja katika kijiji aliyevuna 15. Msomaji wa taarifa, ambaye kwake wastani maana yake ni watu wa kawaida, ataona kijiji hiki kina nafuu, na ikiwa mbolea ya ruzuku yagawanywa kwa kutazama shida ya vijiji, huenda kikapitwa. Hapo neno limeleta hasara, nayo si hasara ya darasani.

Hatusemi kwamba neno wastani litupwe. Limekwisha kukaa katika vinywa vya watu, na vitabu vya shule vimelizoea. Tusemalo ni kwamba mwalimu asiliache litembee peke yake. Na alitaje pamoja na mwenziwe, “namba ya katikati”, siku ile ile na kwa mfano ule ule, ili mwanachuo aone kwa macho yake kwamba vitu viwili alivyovidhani kuwa kimoja ni viwili.

Iko hila nyingine ya wastani, nayo yatokana na nchi yenyewe. Katika mkoa wa Mbeya, Tukuyu hupata mvua inayozidi milimeta 2,000 kwa mwaka, na bonde la Usangu halifikii nusu ya hiyo. Mtu anaweza kuzijumlisha akagawanya, akapata “mvua ya wastani ya Mbeya”. Lakini namba hiyo haimfai mkulima wa ndizi wa Rungwe wala mkulima wa mpunga wa Mbarali. Vitu viwili vilivyo tofauti kwa asili vikitiwa katika chungu kimoja, wastani wake huwa ni jina la mahali pasipokuwapo.

3. Mkengeuko

Wastani hautoshi, hata pale ambapo ni halali. Tuseme mkulima mmoja katika miaka mitano alivuna magunia 14, 15, 15, 15 na 16. Na jirani yake akavuna 5, 10, 15, 20 na 25. Wote wawili wana wastani wa 15, na namba ya katikati ni 15 kwa wote. Walakini wa kwanza hulala usingizi, na wa pili huuza mbuzi mwaka mmoja akajenga mwaka wa pili. Tofauti yao haimo katika wastani. Imo katika kutawanyika kwa namba kuuzunguka wastani huo.

Kipimo cha kutawanyika huko hupatikana kwa njia rahisi, ijapokuwa yatisha ikiandikwa kwa alama. Twatazama kila mwaka ulivyoachana na wastani. Kwa mkulima wa pili ni -10, -5, 0, 5 na 10. Tukizijumlisha hivyo zilivyo twapata sifuri, maana za juu na za chini hufutana. Hivyo kwanza twazizidisha kila moja kwa yenyewe, tukapata 100, 25, 0, 25 na 100, jumla 250. Tukigawanya kwa tano twapata 50, na kipeuo cha pili cha 50 ni karibu 7.1. Kwa mkulima wa kwanza hesabu hiyo hiyo hutoa karibu 0.6. Sasa namba zasema yale ambayo kijiji kilikuwa kikiyajua tangu zamani.

Hapa mwanachuo huuliza swali zuri ambalo mara nyingi hujibiwa kwa ukali: mbona kitabu kingine hugawanya kwa nne badala ya tano? Jibu lake ni hili. Ikiwa miaka mitano ni yote tunayoihitaji, twagawanya kwa tano. Lakini ikiwa ni sehemu tu ya miaka mingi ambayo hatukuiona, basi wastani wenyewe tumeukadiria kwa namba hizo hizo, na kwa sababu hiyo namba zimekuwa karibu nao kupita inavyostahili. Tena, kwa kuwa tofauti zote zikijumlishwa lazima ziwe sifuri, tukizijua nne, ya tano twaijua bila ya kuambiwa. Zilizo huru ni nne tu. Basi twagawanya kwa nne, na kipimo cha mkulima wa pili chapanda kufika karibu 7.9.

Kipimo hiki tukiite nani? Wako waitao mkengeuko, kwa kitenzi kukengeuka, yaani kuiacha njia. Neno ni zuri kwa umbo lake, ila limezoeleka kwa mtu aliyeacha mwenendo mwema, hata mwanachuo hufikiri kwamba namba iliyo mbali na wastani ina ila, akaifuta. Mchepuko lingekuwa jepesi zaidi, kwani kuchepuka ni kuacha njia kuu kidogo tu. Lakini vijana wa siku hizi wamelipa maana ya mpenzi wa nje ya ndoa, na mwalimu atakayeliandika ubaoni atangoja kicheko kiishe. Kwa maoni yetu mtawanyiko lingefaa kwa fikra ya jumla, kwa kuwa mbegu hutawanyika bila ya kufanya dhambi, na mkengeuko libaki kwa kipimo chenyewe, baada ya mwanachuo kuonywa kwamba hapa halina lawama.

4. Sampuli na nasibu

Sampuli ni neno la kukopa, na kwa hivyo halina mzigo. Lakini fikra yake ilikuwamo jikoni kabla ya neno kuja. Mpishi ataye kujua kama mchuzi umekolea chumvi hanywi chungu chote. Huukoroga, akachota kidogo, akaonja. Katika kitendo hicho mna nadharia nzima. Kwanza, kionjo kimoja chatosha kuhukumu chungu, kikiwa chungu kimekorogwa. Pili, asiyekoroga atadanganyika hata akinywa bakuli zima. Tatu, jambo ambalo wanachuo huliona la ajabu, chungu cha arusi hakihitaji kijiko kikubwa kuliko chungu cha nyumbani. Kinachotawala uhakika wa jibu ni ukubwa wa kionjo. Ukubwa wa chungu hauna nguvu kubwa.

Watu wa misitu huifanya kazi hii kila siku. Katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ulioko Mufindi, ambao ni mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa ya serikali, hapana awezaye kupima kila msindano. Hupimwa miti iliyo katika vipande vidogo vilivyochaguliwa kwa utaratibu, na kutokana na vipande hivyo hukadiriwa mbao za msitu mzima.

Kukoroga chungu katika elimu hii huitwa kuchagua kwa nasibu. Na hapa neno lina hatari. Nasibu kwa asili ni fungu la mtu, alilopangiwa. Kwa Kiswahili cha leo twalijua zaidi katika bahati nasibu, na kubahatisha ni kutenda bila ya mpango. Mwanachuo akiambiwa achague watu kwa nasibu, huenda katika soko la Mwanjelwa asubuhi akawahoji wale watakaotokea mbele yake. Hiyo siyo nasibu ya takwimu. Aliyekuwa shambani asubuhi ile hakuwa na njia ya kuchaguliwa, wala mgonjwa, wala asiyekuwa na fedha ya kwendea sokoni. Nasibu ya takwimu yataka mpango mkali: orodha ya watu wote, kila mmoja na namba yake, kisha kura ipigwe ili kila mmoja awe na nafasi inayojulikana. Bahati yaachiwa kazi ya kuchagua, ndiyo, lakini ni bahati iliyofungwa kamba. Kwa hiyo twapendelea kusema kuchagua kwa kura, maana kila Mswahili ajua kwamba kura yataka orodha, na kwamba mpiga kura hachagui rafiki zake.

5. Kosa

Kadirio la sampuli haliwi sawasawa kabisa na ukweli wa wote. Tofauti hiyo huitwa kosa. Neno hili limewatia wengi aibu isiyo na sababu. Mwanachuo akiisoma tasinifu yake na kuona ndani yake kipimo cha kosa, hutaka kukificha, kama mtu aliyeshikwa ameiba. Lakini kosa hili si ovu wala si uzembe. Ni gharama ya kuonja badala ya kunywa chungu chote, na aliyeitaja gharama yake ni mkweli kuliko aliyeificha.

Tena yaweza kuhesabiwa. Tuseme watu 400 walichaguliwa kwa kura katika wilaya, na asilimia 60 kati yao wakasema kwamba hutumia mbegu za dukani. Kanuni yasema: zidisha 0.6 kwa 0.4, gawanya kwa 400, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni karibu 0.0245, yaani asilimia mbili na nusu. Desturi ni kwenda mara mbili ya kiasi hicho kila upande. Hivyo twasema kwamba ukweli wa wilaya, kwa kadiri tuwezavyo kuuamini, uko kati ya 55 na 65 katika mia. Na mtu akitaka kulipunguza kosa hili nusu, haitoshi kuwaongeza watu mara mbili. Lazima awaongeze mara nne, wawe 1,600. Hapo ndipo hesabu ikutanapo na mfuko wa mtafiti.

Walakini kanuni hiyo haijui kitu kuhusu lumbesa, wala kuhusu wale wasiofika Mwanjelwa. Yapima kosa la kuonja tu. Kosa la kutokoroga chungu halimo ndani yake, nalo halipungui hata wakihojiwa watu elfu kumi.

6. Kufuatana si kusababisha

Neno uhusiano nalo lataka uangalifu. Kwetu sisi uhusiano ni jambo zito: ni udugu, ni ujirani, ni kupasiana. Mwanachuo akiambiwa kwamba vitu viwili vina uhusiano, huona moja kwa moja kwamba kimoja chamtenda mwenziwe. Lakini katika takwimu maana yake ni kwamba vyapanda au kushuka pamoja, basi. Mwezi wa Juni na wa Julai, katika miji ya Mbeya na Iringa, masweta huuzwa kwa wingi, na miezi hiyo hiyo majani ya milimani hukauka. Namba za masweta na za ukavu zitafuatana vizuri sana mwaka hata mwaka. Wala hapana mtu atakayesema kwamba masweta yamekausha majani. Kipupwe na kiangazi vimeangukia majira mamoja, na kila kimoja kimeleta chake. Laiti tungesema kufuatana badala ya uhusiano, tungeepuka nusu ya makosa yaliyomo katika sura za mwisho za tasinifu nyingi.

7. Nadharia tete na mchele wa Kyela

Mlango ulio mgumu kuliko yote ni ule wa kuijaribu nadharia tete. Hapa lugha yetu imepata neno lililo bora, maana tete ni kitu kisichokomaa, cha kushikwa kwa uangalifu. Na hiyo ndiyo hali yake: ni dai linaloshikwa kwa muda, hadi ushahidi ulivunje au uliache.

Mwaka 1935 Ronald Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza, alichapisha kitabu chake juu ya kupanga majaribio, na ndani yake akaeleza habari ya bibi mmoja aliyedai kwamba akionja chai aweza kujua kama maziwa yalitangulia au yalifuata. Kwetu twaweza kuubadili mfano. Mchele wa Kyela una sifa ya harufu, na wako wafanyabiashara wanaouza mchele wa kwingine kwa jina lake. Tuseme mama mmoja adai kwamba akionja wali hujua ulio wa Kyela. Twampikia sahani nane, nne za Kyela na nne za mchele mwingine, tukazipanga kwa kura, yeye asijue mpango wake. Kazi yake ni kuzichagua nne zilizo za Kyela.

Twaanza kwa kumkatalia: twasema hajui kitu, abahatisha tu. Hiyo ndiyo nadharia tete. Sasa ziko njia 70 za kuchagua sahani nne katika nane, na moja tu ndiyo sahihi yote. Akizipata zote nne, basi ama ajua, ama limetokea jambo ambalo kwa kubahatisha hutokea mara moja katika 70, chini kidogo ya asilimia moja na nusu. Wengi wetu tutakubali kwamba ajua. Lakini akizipata tatu, akakosa moja? Njia za kupata tatu ni 16. Pamoja na ile ya kupata nne zawa 17. Kumi na saba katika 70 ni karibu robo. Hata asiyejua cho chote aweza kufika hapo mara moja katika kila mara nne. Hatuna sababu ya kuiacha nadharia yetu.

Je, tumethibitisha kwamba mama hajui? La, hasha. Ni kama hakimu amwachiliaye mshitakiwa kwa kuwa ushahidi haukutosha. Hasemi kwamba mtu huyu hana hatia, asema kwamba haikuthibitika. Wanachuo wengi huandika, “Utafiti umeonyesha kwamba hakuna tofauti,” na hali utafiti wao ulikuwa mdogo mno hata usingeweza kuiona tofauti kama ingalikuwapo. Ilitakiwa waandike, “Hatukuona ushahidi wa kutosha.”

Na tofauti ikionekana, huitwa “yenye umuhimu”. Hilo nalo ni neno la kupoteza. Muhimu kwa Mswahili ni jambo kubwa, la kushughulikiwa upesi. Katika takwimu maana yake ni kwamba tofauti haielekei kuwa ya bahati tu. Mbegu mpya yaweza kuipita ya zamani kwa kilo mbili kwa ekari, na kwa mashamba mengi ya majaribio tofauti hiyo ikadhihirika wazi. Lakini mkulima aliyeongezewa kilo mbili na kutakiwa kulipa bei mara mbili hataona umuhimu wo wote. Tuseme basi tofauti “iliyodhihirika”, na umuhimu tumwachie mkulima aupime.

8. Hitimisho

Imesemwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Tuliyoyaona yaonyesha kinyume: maneno yapo, na pengine yamezidi, kwa kuwa kila moja laja na jamaa zake. Wanachuo wa Mbeya na Iringa wataendelea kufanya mitihani yao kwa Kiingereza maadamu utaratibu ni huo. Lakini fikra haimngojei mwenyewe amalize kutafsiri. Huanza katika lugha aliyoanzia mtu kuhesabia vidole vyake. Mwalimu atakayetumia dakika kumi za mwanzo kueleza kwa Kiswahili tofauti ya wastani na namba ya katikati, ya nasibu na kubahatisha, ya kosa na dhambi, hatakuwa amepoteza wakati wake. Na baada ya hapo alama za Kiyunani zitakuwa ni mkato wa maneno yaliyokwisha kueleweka.

Kwa wenzetu wa istilahi tuna ombi moja. Neno jipya la takwimu lisipimwe kwa kutazama kamusi peke yake. Lipelekwe darasani Iringa, lipelekwe sokoni Mwanjelwa, na kwanza waulizwe watu waelewavyo walisikiapo. Tena wateuliwe kwa kura.